Imetumwa Siyo Imejibiwa: Wiki ya Mwanaiddi na Dumu la Masunga

Saa moja kasoro asubuhi, Alhamisi. Mvua inanyunyiza Shanwe, mtaa wa Mpanda, na redio inakoroma kama mtu mwenye mafua. Mwanaiddi Athuman ameinama mbele yake, mkono mmoja kwenye kitufe, macho kwenye kioo cha kompyuta. Kuna radi upande wa magharibi. Radi ikipiga, barua inakatika katikati, anaanza upya.

Nyuma yake, kwenye benchi, amekaa mzee mwenye koti la mvua na fimbo katikati ya magoti. Anaitwa Masunga Nkwabi, mfugaji wa Kasekese. Yuko mjini tangu Jumatatu, analala kwa shemeji yake mtaa wa Ilembo, na kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufika hapa.

"Mayu, mama yangu, jibu?"

"Bado, mzee. Ngoja redio ishike."

"Jana bado. Juzi bado. Ng'ombe zangu nazo ziambiwe bado?"

Mwanaiddi anabonyeza kitufe tena. Ana miaka 31, mtoto mmoja, na kidato cha pili ambacho hakukimaliza. Mradi wa wafugaji unamlipa shilingi elfu arobaini kwa mwezi kukaa kwenye hiki chumba chenye betri mbili za lori, sola moja na kompyuta inayofunikwa kwa kitenge vumbi lisiingie. Kazi yake ni kuleta kurasa za intaneti Mpanda, mahali ambapo intaneti yenyewe haijafika.

Inakuwaje? Si miujiza. Anaandika barua fupi ya kompyuta yenye anwani ya ukurasa anaoutaka. Barua inapanda redio mpaka Dar, Dar wanaisukuma Ulaya, kwenye mashine moja isiyo na mtu. Mashine inausaka huo ukurasa, inatoa maandishi yake na kuyarudisha kama barua. Redio inafunguliwa mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni. Jibu linaweza kuja leo. Linaweza kuja keshokutwa. Na halifuati foleni. Ulilotuma mwisho linaweza kutangulia.

"Hapo ndipo kila mgeni anaanguka," anasema. "Mimi mwenyewe nilianguka."

Ilikuwa mwaka juzi, wiki yake ya kwanza. Dada mmoja, Josefina, alikuwa anaulizia nafasi ya mafunzo Tabora. Kompyuta ikaandika kwamba barua imetumwa, Mwanaiddi akamwambia tayari, mambo safi. Josefina akapanda treni. Kufika Tabora, hawamjui.

"Imetumwa siyo imejibiwa. Nilijifunza kwa nauli ya mtu mwingine. Mpaka leo akipita sokoni anaangalia pembeni."

Safari hii si nauli. Masunga alikuwa na ng'ombe mia moja arobaini, na kupe wanawala. Wiki iliyopita ndama sita walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Amenunua dumu la lita ishirini la dawa ya kuogeshea, limevuka ziwa kutoka ng'ambo, maelezo yote kwa Kifaransa na nusu yamefutika. Kwenye kipande cha lebo alichokibandua limebaki jina la dawa na namba kubwa ya ukali wake: 50. Kiasi cha maji, hakuna. Bwana mifugo yuko safari. Josho la kijiji limeshajazwa maji, na wenzake wamekubaliana kuchovya Jumamosi, jibu liwepo lisiwepo.

Ukiweka dawa kidogo, kupe wanacheka. Ukizidisha, ng'ombe wanaanguka. Mwaka jana jirani yake alikadiria kwa kopo. Walianguka tisa kabla jua halijazama.

Saa moja na robo redio inashika. Barua tatu zinaingia, moja ni ya Masunga. Masunga anaiona sura ya Mwanaiddi, anasimama. "Limekuja! Soma!"

"Kaa kwanza, mzee. Limekuja ila siyo jibu. Mashine inasema haijaelewa."

Anamgeukia mwenzake, Mwalimu Yotham, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana na ana miezi miwili tu kwenye hii kazi. Jumatatu mpaka Jumatano Mwanaiddi alikuwa kitandani na malaria. Mwalimu ndiye aliyetuma, peke yake.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Hii barua ya Jumatatu uliiandikaje?"

Mwalimu anavuta daftari. Mwandiko wake ni mzuri mpaka unatamani kuula. *Kwako ndugu mpendwa. Salamu nyingi sana ziende kwako. Ama baada ya salamu, sisi huku Mpanda hatujambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali.* Mistari kumi na moja ya hivyo, kwa Kiingereza safi cha ubaoni, halafu ndiyo anwani ya ukurasa. Chini kaweka jina lake, cheo, na "wako katika ujenzi wa taifa".

Mashine inasoma kila mstari kama amri. Imemrudishia barua yake mstari kwa mstari, na kila mmoja imeandika: amri hii siijui.

"Mwalimu, hii haina masikio. Haisalimiwi."

"Kitu ninachokiomba msaada nisikisalimie? Mimi si mhuni."

"Kisalimie kwa mdomo. Kwenye barua weka anwani tu."

Hata Masunga anacheka, ila kidogo. Mwalimu hacheki. Ameanza kufundisha kabla huyu binti hajazaliwa.

"Na ya Jumanne?"

"Nilirudia ile ile. Nilidhani haijafika."

Kosa la pili hilo, na kila mgeni analifanya. Kimya siyo kukataliwa. Ukirudia barua, unazibia njia za wengine, maana redio inapitisha maandishi kama mrija unaopitisha uji. Tena majibu yatakuja mawili, na ulichouliza utakuwa umeshakisahau.

Mwanaiddi anaandika upya. Mstari mmoja tu. Kwenye kichwa cha barua anaweka 214, namba ya ombi, kwa sababu mashine hata iwe na ujinga gani, kichwa cha barua inakirudisha kilivyo. Anaandika namba hiyo hiyo daftarini: 214, Masunga, dawa ya kupe, hamsini, Alhamisi asubuhi. Inaondoka dakika tatu kabla ya redio kufungwa.

Mwalimu anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Kuna kitu anataka kusema, anakimeza.

Mawingu hayaondoki, sola haitoi kitu. Saa sita Mwanaiddi anabeba betri ya akiba kwenye toroli, anaipeleka duka la Feisal lenye jenereta. Anamwachia Mwalimu redio ya saa saba. "Ikija yoyote, chapa, weka mezani. Nikirudi tutaangalia."

Anarudi saa nane na robo. Benchi tupu.

"Masunga yuko wapi?"

"Limekuja, binti!" Mwalimu amesimama, uso unang'aa. "Ukurasa mzima. Nimemsomea: lita moja ya dawa, maji lita mia mbili na hamsini. Nikamwandikia kwenye karatasi. Ameondoka anakimbia kama kijana."

Mwanaiddi anachukua karatasi iliyochapwa. Anatafuta namba kwenye kichwa cha barua. Hakuna 214. Hakuna namba yoyote. Anashuka chini taratibu, jina la dawa ni lenyewe. Pembeni yake: 25.

"Mwalimu. Hili ni jibu la barua gani?"

Hapo ndipo siri inamtoka. Jumatano alituma ya tatu. Aliona aibu kurudia yale yale, akapunguza salamu zote, akaacha anwani tupu. Mwenyewe alikuwa amegundua kosa lake. Lakini kwenye orodha ya anwani waliyoletewa kutoka Dar, dawa ya 25 na dawa ya 50 zimefuatana, na miwani yake ina kioo kimoja kilichopasuka. Amenakili mstari wa juu.

"Asubuhi nilitaka kukwambia," anasema. "Nikaona umeshanicheka vya kutosha."

Mwanaiddi anaukunja ukurasa, anautia mfukoni. Dumu la Masunga ni kali mara mbili. Akifuata ile karatasi, ng'ombe mia moja na thelathini na ushee wataingia kwenye josho lenye sumu.

Anakimbia mpaka Ilembo. Shemeji mtu yuko nje anapepeta mchele. "Ameshapita, kachukua baiskeli, hata chai hakunywa."

Anarudi mbio kwa Feisal, viatu mkononi. Bahati, Land Rover yake inapakiwa chumvi na sabuni kwenda Karema, na barabara ya Kasekese ndiyo hiyo hiyo.

"Feisal, nipandishe, namfuata Msukuma mmoja."

"Kakukimbia na mahari?"

"Feisal, ng'ombe zitakufa!"

"Basi ni mahari kweli. Panda."

Wanamkuta baada ya saa nzima ya tope. Masunga amepindua baiskeli pembeni ya barabara, anachokoa udongo kwenye mnyororo kwa kijiti. Anamwona Mwanaiddi akishuka, anasimama wima.

"Mzee, ile karatasi siyo yako."

"Ya nani?"

"Ni ya dawa nyingine. Tumekosea."

Masunga anatupa kijiti. "Siku nne nyie mnaniambia ngoja. Leo mnanipa karatasi, mnaniambia nenda. Sijafika mbali, mnaniambia rudisha. Nikuamini ya saa ngapi?"

Feisal anapiga honi. Mzee ana haki.

"Usiniamini," anamwambia. "Kile kipande cha lebo unacho?"

Anacho, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Masunga hakwenda shule, ila namba anazijua, ndizo anazohesabia mali yake. Anashika lebo mkono huu, ukurasa uliochapwa mkono ule. Tano na sifuri. Mbili na tano. Anaangalia tena. Halafu anachuchumaa kwenye tope, koti na yote.

"Ningewachovya," anasema. "Ningeanza na wenye mimba."

Wanarudi wawili kwa baiskeli moja, penye tope wanatembea. Jioni radi inapiga kupita kiasi, redio haishiki kitu. Masunga hataki kula. Mwalimu anamletea ugali na mlenda kutoka kwake, anamwambia, "Ndugu yangu, kosa ni langu, siyo la binti." Masunga anajibu, "Ugali uweke."

Ijumaa saa moja na dakika ishirini inaingia 214.

Mwanaiddi anafungua mdomo kusoma, Masunga anainua fimbo. "Wewe mama, toka nje. Mwalimu anisomee."

Anatoka, anasimama kwenye matone ya bati. Mwalimu anasoma namba ya barua, jina la dawa, namba ya dawa, maji. Kisha mzee anamtoa Mwalimu, anamwingiza Mwanaiddi, anamsomesha upya kila kitu kana kwamba hajasikia. Mia mbili kumi na nne. Hamsini. Lita moja kwa lita mia tano. Wote wamesema sawa.

"Kwetu, ng'ombe zikiingia zizini wanahesabu wawili," Masunga anaeleza. "Huyu upande huu, huyu upande ule, hakuna kusemeshana. Mkimaliza ndiyo mnataja. Hesabu zikipishana, ng'ombe zinatoka zote, mnaanza upya. Nyie hapa anahesabu mmoja. Tena mwenye miwani mbovu."

Akaondoka. Mwanaiddi hakulala vizuri Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Kasekese hakuna simu. Mara ngapi alifungua ile barua kuangalia 50 kama bado ni 50? "Nimeacha kuhesabu," anasema. Kila baiskeli iliyosimama nje, alitoka kuangalia. Mwalimu naye alikuja hata Jumapili baada ya misa, wakakaa wote wawili na redio iliyozimwa.

Jumanne Feisal akarudi kutoka Karema. Akaanza kuhangaika na kamba za turubai kama hamwoni mtu.

"Feisal! Wamekufa?"

"Nani?"

"Ng'ombe!"

"Amechovya wanne kwanza, wale vizee. Kalala nao zizini. Jumapili ndiyo kachovya wote. Ndama mmoja kafa ila alikuwa anakufa tangu Ijumaa, ndigana hiyo, siyo dawa. Wengine nimewapita barabarani wanakula majani, wamenizuia nusu saa, washenzi."

Mwanaiddi akakaa pale pale kwenye gunia la chumvi. Feisal alimwona analia, akaacha utani.

Siku hizi chumba cha Shanwe kina meza mbili, zimepeana mgongo. Ombi likifika, Mwanaiddi anasoma lebo na kuandika, Mwalimu anasoma na kuandika, halafu wanataja. Jibu likirudi, hivyo hivyo, mwenye shida akiwa amesimama katikati. Namba isipofanana hakuna anayeondoka. Mwalimu ameandikiwa miwani mipya, inatoka Tabora mwezi ujao. Wiki tatu zimepita, na mara mbili wamepishana. Mara moja aliyekosea alikuwa Mwanaiddi.

"Wa Dar wameniuliza huu utaratibu nimeusoma kitabu gani," anasema. "Nimewaambia umetoka Kasekese."

Bado anaogopa. Kwenye benchi asubuhi hii wapo sita, na mmoja ana chupa ya dawa ya binadamu isiyo na karatasi. Ila mvua ikikatika, mwezi wa sita, anaomba siku tatu za ruhusa. Masunga amemwalika.

"Nataka nikaone ng'ombe wakiingia zizini," anasema Mwanaiddi. "Yeye akae upande ule, mimi upande huu. Nataka nisikie mwenyewe wote tunataja mia moja thelathini na tatu."