Siku Bi Fatu Aliponiambia Sijui Kulima

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja pale Mpapura nilipojipulizia unga wa muhogo usoni mbele ya kijiji kizima, na mpaka leo wapo watu wa kule wanaoniuliza kama ugali uliiva. Nakusimulia haya kwa sababu tangu juzi huli vizuri. Nimesikia kikundi chenu cha maigizo cha hapo Chikongola kimeandikwa vibaya kwenye simu, na wewe umetajwa kwa jina, kwamba ukilia jukwaani unalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nimesikia pia mmewaomba marafiki zenu waandike sifa chini ya maneno hayo. Hebu keti kidogo kabla hamjafika mbali. Hiyo njia mimi nimeipita, na nilitoka humo nimechafuka.

Nilikuwa kijana wa Mikindani. Baba yangu aliuza nyavu na kamba, na kaka zangu wote wawili waliijua biashara. Mimi nilijulikana kwa kuvunja vitu. Basi Mwalimu Saidi, mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, alipoanzisha kikundi cha maigizo, nilijiunga ili nisionekane nyumbani. Akanisikia sauti, akakiangalia kifua changu, akanipa nafasi kubwa kuliko zote: mkulima bora wa korosho. Mara ya kwanza watu waliponipigia makofi nilidhani wanampigia mtu aliyesimama nyuma yangu, nikageuka kumtazama. Nafasi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, na nisingekubali mtu anipokonye.

Shamba lenyewe nililijua kwa kulipita tu nikiwa juu ya gari.

Kikundi chetu kilikuwa na utaratibu wake. Igizo likiisha, watazamaji hawaondoki. Mwalimu husimama katikati na kuwauliza wameona nini, na kila mtu ana ruhusa ya kusema lililo moyoni mwake. Kule mjini mambo yalikuwa mazuri, watu walisema hongereni wakaenda zao. Wenyeji wa mjini walikuwa hawajui kulima kama mimi nisivyojua, kwa hiyo tulielewana.

Mpapura ilikuwa habari nyingine. Uwanja wote ulijaa watu wa mikorosho na mihogo, waliozaliwa shambani na kuzeekea huko. Tuliazima bomba la mgongoni la kupulizia salfa, dawa ile ya unga ya mikorosho. Salfa yenyewe hatukuwa nayo, tukatia unga wa muhogo. Nikaingia kwa mbwembwe, kifua mbele, nikatangaza kwamba sasa ni adhuhuri na mkulima bora anapuliza dawa, nikaelekeza bomba kule upepo unakotoka. Sikuona tena kitu. Nilijipangusa, nikashika jembe, nikapalilia kwa nguvu zangu zote huku nikisema maneno yangu ya kuhimiza kilimo, na watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi nikadhani wamefurahi.

Mwalimu akawauliza wameona nini. Akasimama bibi mmoja mfupi, ana kanga mbili na magoti mabovu, Bi Fatu, mwenye shamba la mikorosho ambalo kijiji kizima kililiheshimu.

"Mwalimu, igizo zuri," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Ila nataka kujua. Yule nlevi anaitwa nani?"

Mwalimu akamwambia kwa adabu kwamba ndani ya igizo hakuna mlevi.

"Yupo. Yule mwenye jembe."

Uwanja uliripuka. Bi Fatu akangoja watu watulie, kisha akaendelea bila kucheka. Alisema mkulima gani anapuliza dawa adhuhuri, umande umekauka, dawa itashika wapi? Alisema jembe nimelishika kama nafukuza kuku. Na alisema unga nilioumwaga ungewatosha watu wanne kwa chakula cha mchana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwanangu, uso uliniiva chini ya ule unga. Ningenyamaza ningepona. Lakini nikasimama, mweupe kama kibwengo, nikamwambia: "Bibi, hii ni sanaa. Sanaa ina wenyewe, watu wa shamba hamwezi kuielewa." Kicheko kikakatika pale pale. Bi Fatu aliniangalia, akaketi taratibu, akapanga kanga yake.

Njiani Mwalimu aliniambia neno moja tu. Mpapura walikuwa wametuomba turudi baada ya wiki mbili, nadhani kwa sababu walitaka kucheka tena. Kama nikirudi wakasema yale yale, nafasi yangu atapewa Hamisi. Hamisi alikuwa mwenzetu wa kupiga ngoma, kijana mpole, na kwa ule upole wake nikamchukia wiki mbili nzima.

Sasa mtu mwenye akili angetafuta jembe. Mimi nilimtafuta Shangazi Mwanahawa, muuza maandazi, mama aliyenipenda na ambaye hajawahi kutazama igizo maishani mwake. Nikamtafuta na binamu yangu Bakari. Nikawaambia watakaa kati ya watazamaji kama watu wasionijua, na Mwalimu akiuliza, wao wasimame wanisifu. Nikaandika sifa zangu mwenyewe kwenye karatasi. Nilijisifu vizuri, siwezi kusema uongo: "Nilipomwona mkulima yule anaokota korosho zake, akainua mikono kumshukuru Mungu, machozi yalinitoka." Shangazi aliyakariri maneno hayo kila asubuhi huku anageuza maandazi. Bakari alikariri hayo hayo, maana nilikuwa mvivu wa kuandika karatasi ya pili.

Siku ikafika. Wanakijiji walikuwa na mkutano wao kwanza, ukarefuka, na tulipopewa uwanja jua lilikuwa limeshashuka. Nilianza vizuri kidogo, safari hii upepo niliuangalia. Lakini Magharibi ilikaribia, na watu wale ni wa swala. Mwalimu akaja nyuma ya pazia akatunong'oneza: sehemu ya mavuno tuiache, tumalizie hapa. Nikaitikia. Wallahi sikumkumbuka shangazi hata kidogo.

Mwalimu akauliza wameona nini. Shangazi Mwanahawa alikuwa wa kwanza kusimama, kavaa baibui lake la sherehe. Akasema kwa sauti ya kutetemeka vizuri sana kwamba alipomwona mkulima yule anaokota korosho zake, akainua mikono kumshukuru Mungu, machozi yalimtoka. Akajifuta na macho.

Watu wakatazamana. Hakuna mtu aliyeokota korosho hata moja siku ile.

Bi Fatu akageuka. "Mama, macho yako yanaona mbali. Sisi wa huku mbele hatujayaona hayo mavuno."

Nilimkazia Bakari macho asisimame. Masikini yeye akaelewa kwamba namhimiza. Akasimama, akasema maneno yale yale, neno kwa neno, pamoja na machozi kumtoka. Kuna mzee mmoja alicheka mpaka akaondolewa uwanjani akipepewa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na nilipomwona shangazi yangu amejifunika uso kwa ncha ya baibui, nilitamani imeze haraka. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikuonja maandazi yake.

Mwalimu hakunigombeza. Alichukua jembe akampa Hamisi, basi. Kesho yake nikaenda kwake kubembeleza. Akaniambia: "Nafasi hiyo mimi sinayo tena. Anayo Bi Fatu. Akisema unajua kulima, utairudia."

Nikaenda Mpapura na moyo mzito. Nikamkuta shambani anapalilia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua mgongo. Nikaanza kueleza kwamba siku ile alinivunjia heshima. Akaniacha nimalize.

"Nilikutukana?"

"Hapana, bibi."

"Nilikwambia jembe hujui kulishika. Hiyo ni habari, siyo tusi. Siku ile walikuwepo watu uliowachosha, wakaondoka kimya kimya. Uliwaona?"

Sikuwa nimewaona.

"Mimi na magoti yangu haya nilibaki nikasimama kukwambia. Ukanichukia mimi. Halafu ukaenda kumleta shangazi yako, ntu nzima, ukamfanya kichekesho mbele ya watu wasiomjua. Nani aliyemvunjia mwenziwe heshima?"

Hapo nililia, mwanangu, na ninaona ungekuwepo ungejifunza kulia. Nilikuwa nimelilia nafasi yangu siku zote, kumbe shangazi nilikuwa sijamlilia hata mara moja. Bi Fatu aliningoja nimalize, kisha akanipa jembe la pili.

Nilikaa kwake wiki tatu. Wiki ya kwanza viganja vyote vilitoka malengelenge na wajukuu zake walikuja kunitazama kila asubuhi, wakakaa kabisa, na hao ndio waliokuwa watazamaji wangu wakali kuliko wote. Nilijifunza kuamka alfajiri kupuliza salfa umande ungali kwenye majani. Nilijifunza kwamba anayepalilia kutwa haongei sana, na hapo nikajua kwamba nusu ya maneno yangu kwenye igizo hayakuwa na kazi. Niliporudi nyumbani nilikwenda kwanza kwa shangazi nikamwomba radhi. Alinitazama viganja, akanikatia andazi nusu. Nusu nyingine ilikuja baadaye sana.

Tukarudi Mpapura mara ya tatu. Makubaliano yalikuwa kwamba nicheze mimi, na mwishoni Bi Fatu atoe neno lake: nibaki au Hamisi achukue moja kwa moja. Nikaingia, nikashika jembe, nikapalilia bila kusema kitu. Watu wakatulia. Hakuna aliyecheka. Nikainua macho kidogo kumtafuta Bi Fatu, nikamwona anasimama, anajifunga kanga, anaondoka zake, na igizo halijafika nusu.

Nilicheza mpaka mwisho kwa sababu miguu ilikuwa haijui kwingine pa kwenda. Watu walisema mazuri, sikuyasikia. Kisha mimi na Mwalimu tukamfuata. Tukamkuta shambani, anapalilia upande wa bondeni, jasho linamtoka.

"Bibi," Mwalimu akamuuliza, "mbona umetukimbia? Tunangoja neno lako."

Bi Fatu akajinyoosha. "Nisameheni. Nimemwona yule nkulima anapalilia, nikakumbuka kipande hiki sijakimaliza, na mvua ya mwisho imeshaotesha majani. Nikaona aibu, nkulima mwenzangu yuko kazini na mimi nimekaa."

"Mkulima yule ni mimi, bibi," nikasema.

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Aka! Kumbe ni wewe. Nilisahau."

Sikupokonywa nafasi ile tena.

Sasa sikiliza, mwanangu. Waambie rafiki zako wazifute hizo sifa walizoziandika, leo hii, kabla hujawaaibisha watu wanaokupenda. Kilemba cha ukoka unachojivika mwenyewe humdondokea yule uliyemwomba akushikie. Kisha ule, ushibe, ndipo usome tena yale maneno makali. Yatoe matusi kama unavyotoa miiba ya samaki, uangalie kimebaki nini. Kama hakijabaki kitu, aliyeandika ana shida zake, mwache nazo. Kikibaki kwamba kilio chako ni cha uongo, usimjibu mtu. Nenda ukakae na waliolia kweli, uwasaidie kazi, unyamaze. Na huyo aliyeandika, hata kama hana adabu, alikaa mpaka mwisho wa igizo. Wengine walishaondoka na wewe hukuwaona.

Mungu akujalie masikio mapana na moyo usiovunjika upesi. Akuletee watu wa kukwambia ukweli ungali na nguvu za kujirekebisha, na wewe uwatunze watu hao. Na inshallah ifike siku watu wakutazame ukilia jukwaani, wasahau kabisa kwamba ni wewe. Amin.