Mchungaji Viti Viwili

Jina hilo alipewa mtaani na hakulipenda hata kidogo, lakini alijitakia mwenyewe. Nyuma ya kanisa kuna chumba kidogo ambamo ngoma za kwaya, ndoo za kudekia na vitabu vya nyimbo vilivyochanika vinagombania nafasi, na humo ndimo anamowashauri watu kila Jumanne jioni. Kuna kiti chenye mto. Akikalia hicho, anasema Neno. Akitaka kusema la moyoni mwake, lazima anyanyuke ahamie kwenye kigoda, na hapo una ruhusa ya kumbishia mpaka povu likutoke.

Usidhani ni hekima iliyoleta kigoda. Ni aibu! Siku moja alimkataza bibi harusi kuvaa viatu virefu, akasema Mungu hapendi. Shangazi mtu akauliza, kwa upole kabisa, imeandikwa wapi. Mchungaji akapekua Biblia, akapekua, jasho likamtoka, mwishowe akakiri kwamba asiyependa ni yeye, maana bwana harusi alikuwa mfupi. Loo, walicheka hao! Kigoda kilinunuliwa wiki ileile.

Basi Jumanne moja anafungua mlango amwite anayefuata, anamkuta mama yake mzazi kwenye benchi, mkoba mapajani, ametulia kama anayesubiri daktari.

"Mama! Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Nimepanga foleni kama wenzangu. Leo mimi ni muumini wako, Mchungaji, kwa hiyo yatakayosemwa humu yabaki humu. Hata mkeo asijue." Akaingia, akaketi, akavuta pumzi. "Nataka kuolewa."

Mchungaji akameza mate. "Na nani?"

"Na Kinyozi."

Mungu wangu! Kati ya wanaume wote! Kinyozi ndiye yule anayecheka mpaka madirisha yanatikisika, anayeimba kanisani kwa sauti ya peke yake, na ambaye siku moja, mbele ya wateja tele, alikitazama kipara cha Mchungaji akauliza, "Mtumishi, nikunyoe au nikupige brashi tu?" Mchungaji alishamsamehe. Alishamsamehe mara nyingi tu, na kila mara hasira ikarudi kumsalimia.

Akajiweka sawa kwenye mto, akakohoa. "Maandiko yanatuonya kuhusu watu wenye mizaha..."

"Hamia kwenye kigoda," mama akasema.

"Mama, hili limeandikwa kabisa!"

"Limeandikwa, ndiyo. Lakini aliyelichagua leo ni wewe. Hamia."

Akahama. Na alipofika kigodani yakamtoka yote: watu watasemaje, marehemu baba angejisikiaje, Kinyozi hana adabu, na yeye mchungaji mzima ataificha wapi sura yake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Umemaliza? Haya, rudi kwenye kiti chako. Wengine huwa unawauliza nini?"

Akarudi shingo upande. Swali lake la siku zote ni moja. "Kwa huyu mtu," akauliza kwa sauti ndogo, "umeona nini?"

"Ananichekesha. Wewe kila ukija unaniuliza kama nimemeza dawa. Sikulaumu, unanipenda. Lakini tangu baba yako aondoke, hakuna aliyekaa akanichekesha mpaka mbavu ziniume. Mimi sijafa, mwanangu. Nimefiwa tu."

Mchungaji akakitazama kigoda, lakini hakuhamia. Roho ilimuuma, maana ilikuwa kweli.

"Bila baraka yako siolewi," mama akasema huku akinyanyuka. "Wala sikulazimishi. Utaniambia Jumapili."

Alipotoka, mtu mwingine alikuwa anafika. Wakapishana mlangoni bila kusalimiana, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake, waongo wakubwa hao! Alikuwa Kinyozi, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa, na safari hii hacheki.

"Mchungaji," akaanza, macho sakafuni, "kuna mama mmoja hapa mtaani, nampenda."

"Usimtaje jina," Mchungaji akawahi, maana siri ya muumini ni siri.

"Simtaji. Shida ni mwanawe. Mtu mzima, ana familia, mtu wa heshima zake. Niliwahi kumtania mbele za watu, nadhani ilimchoma. Siku hizi nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Na mama amesema mwanawe akikataa, hakuna ndoa. Sasa mtu kama huyo unamwendeaje?"

Mchungaji akamtazama. Mikono ya Kinyozi, inayoshika wembe kutwa nzima bila kumkwaruza mtu, ilikuwa inafunga na kufungua kifungo kilekile cha koti. Kicheko kikampanda Mchungaji toka tumboni, akakibana, kikamponyoka kidogo puani.

"Kwanza umwombe radhi."

"Nisamehe," Kinyozi akasema papo hapo, kisha akashtuka. "Yaani, ndivyo nitakavyomwambia."

"Atakusamehe. Ni mkaidi huyo, anamng'ang'ania mama yake kama mtoto anayeachishwa ziwa. Lakini niachie mimi, nitaongea naye."

"Na harusini atakuja?"

"Atakuja," Mchungaji akasema. "Atalia, lakini atakuja."