Shikamoo Iliyonivunja Guu

Mama yangu alikuwa na methali moja aliyoitumia kwa kila jambo, kuanzia homa mpaka kufeli mtihani: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi nataka niseme hapa, kwa kuwa yeye hayupo tena kunijibu, kwamba mimi nilivunjika guu kwa kulisikia la mkuu. Nilivunjika kwa adabu. Lau ningekuwa mtoto asiye malezi, leo ningetembea sawasawa kama watu wengine.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana, mwalimu wa skuli huko Makunduchi. Siku za kazi nnalala kule kule. Wiki ikimalizika nnarudi Mjini kwa mama, kwenye nyumba yetu ya ghorofa ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Watu wenye akili walikuwa wakisafiri kwa gari la shamba, lile lori lenye bodi la mbao na mabenchi, pamoja na kuku wao na makanda yao ya nazi. Mimi nilinunua pikipiki. Ilikuwa ya Kiingereza, imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na mlio wake wa kuamsha maiti. Ungeniuliza nnaihitaji kwa nini, ningekwambia kwa kazi. Uongo mtupu! Skuli ilikuwa hatua chache tu kutoka pale ninapolala. Nilitaka nionekane, basi. Nilikuwa nikivaa miwani mikubwa ya vumbi, na kofia yangu ya kiua nimeifunga kwa leso chini ya kidevu isipeperuke, na nikijiona, walahi, nimependeza.

Aliyenifanya nitake kuonekana alikuwa binti wa mwenye gari la shamba. Mzee huyo gari ni lake na analiendesha mwenyewe, Makunduchi mpaka Darajani na kurudi. Binti nilikuwa nimemwona mara moja tu, nikamwambia mama, mama akatuma mshenga kupeleka posa. Jawabu likawa lile la watu wa heshima: tumesikia, tutatazama. Sasa mtu akikwambia atakutazama, wewe unafanya nini? Unatazamika. Kila nikipishana na gari la mzee njiani, nnahakikisha amepata shikamoo yake kamili, na mkono juu.

Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Siku hiyo nnatoka Mjini narudi shamba, nimeshapita Tunguu, mchana mweupe, barabara tupu. Gari la mzee likatokea mbele yangu, limejaa watu mpaka mlangoni. Nikaachia usukani kwa mkono wa kulia, nikauinua juu, nikainamisha kichwa, nikapiga ukelele ushinde mlio wa injini: "Shikamoo, baba!"

Mzee naye alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake kubwa kuliko yangu. Kwake salamu haijibiwi nusu. Akatoa kichwa nje ya dirisha ili anione vizuri, akaweka mkono kifuani, na gari, ambalo halina akili, likafuata kichwa. Nikaliona linanijia upande wangu, pana kama nyumba. Na mkono wangu bado uko hewani unatoa heshima! Nikakata kushoto, nikaacha barabara, nikaingia kwenye shamba la muhogo, na muhogo wenyewe ungenipokea vizuri lau si jiwe lililokuwa katikati yake. Pikipiki ikaja kulala juu ya mguu wangu. Nilisikia mfupa unavunjika kabla sijasikia maumivu.

Abiria wakateremka wote, wengine na kuku wao mikononi. Wanawake wanalia, "Masikini, mtoto wa watu!" Mzee akaja mbio, kofia imemdondoka, anahema, akasimama juu yangu, macho yamemtoka. Akasema, "Marahaba, baba." Maana alikuwa hajawahi kuitikia. Na mimi, huku nimelaliwa na chuma, nikamuuliza habari za nyumbani.

Nikapakiwa ndani ya gari lile lile, juu ya makanda ya nazi, mpaka hospitali, nikatiwa plasta tangu pajani mpaka vidoleni. Mama alipokuja kunitazama alivuta pumzi ya kusema methali yake, nikamuwahi: "Mama, nilikuwa nnamwamkia mkwe." Akafunga mdomo. Nadhani ndiyo siku pekee niliyowahi kumshinda. Lakini akaniuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Na posa je?"

Hapo ndipo nilipoanza kuumwa kweli.

Miezi ikapita, plasta ikatolewa, mguu ukatoka mwembamba na mfupi kidogo kuliko mwenziwe, na kwa mzee kimya. Baada ya siku ile ya ajali hakutia tena mguu hospitali. Mshenga akienda kwake anarudi na neno lile lile: "Anasema ngojeni kwanza." Nikampa mshenga maneno matamu, nikampa na kanzu, akaenda, akarudi: "Anasema ngojeni." Mama akawa na tafsiri yake. Hakuna baba atakayempa mwanawe mpanda pikipiki, binti wa watu aje akae eda kabla hina haijafutika mikononi. Niiuze! Nikasema siiuzi. Kwa nini? Ukaidi tu. Kichwa changu kigumu, ndiyo maana hakikuvunjika hicho. Nilijiambia kwamba nitaipanda kwa namna ambayo mzee mwenyewe atakiri, huyu hafi njiani.

Basi nikajifunza upya. Nilianza kwa kudhani kwamba hakuna dereva anayeniona, na sikuwa mbali na ukweli, maana pikipiki kisiwani zilikuwa chache na macho ya watu hayajazizoea. Kisha nikaacha kutazama magari, nikawa nnatazama vichwa. Kichwa cha dereva kikigeuka, gari nalo litageuka. Kama si sasa, basi karibu hivi. Nikawajua mmoja mmoja. Kulikuwa na mwenye teksi aliyekuwa akiendesha na kikombe cha kahawa mkononi, na akifika penye kona anainua kikombe kisimwagike, gari analiachia Mungu. Kulikuwa na tajiri mmoja asiyeweza kulipita buibui bila ya kutaka kujua ndani yake yuko nani. Na mwenye lori la makuti, huyo alikuwa hana siku asiyogombana na utingo wake, na hoja zake nzito alikuwa akizitoa kwa mikono miwili. Nikiwaona hao nnapunguza mwendo, nnakaa pembeni kabisa, nnawapisha kama wanavyopishwa wafalme. Gari la ng'ombe nalo lilikuwa na mambo yake: mara nyingi mwenyewe amelala fofofo juu ya mzigo, lakini ng'ombe yuko macho, kwa hiyo nikawa nnawaamini ng'ombe. Hilo sijalijutia.

Na juu ya yote nikaapa kwamba sitosalimiana tena na kiumbe nikiwa juu ya pikipiki. Mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, ulimi ndani.

Loo! Nilidhani nimepata dawa, kumbe nimejitafutia ugonjwa mwingine. Unguja hii unaweza kuiba nazi za watu ukasamehewa, lakini kupita barazani bila ya salamu! Wazee wamekaa vibarazani njia nzima, wanakuona unatoka mbali, washasafisha makoo yao tayari kukuitikia, nawe unapita shingo imekukakamaa, hugeuki kushoto wala kulia. Haikuchukua muda. "Mwalimu ameota mapembe." "Mguu umefupika, pua imerefuka." Mshenga akanijia uso umemshuka.

"Mwanangu," akasema, "kwa mzee kumefika habari kwamba hupokei salamu za watu. Mimi nikaseme nini kule? Kilema anaozwa. Masikini anaozwa. Asiye adabu nani atamwoza?"

Nikapata akili mpya, maana akili mpya sikosi. Nitasimama. Kila mzee nitamsimamia, nizime injini, niteremke, nimwamkie kwa taratibu zake, kisha niwashe niende zangu. Nilitoka Mjini asubuhi. Mzee wa kwanza aliniuliza habari za mama, za mguu na za karafuu. Wa pili alinikaribisha muhogo wa nazi, na kukataa ni tusi. Wa tatu alikuwa na wageni, na wageni nao wakataka kusikia vipi nilivyovunjika. Na pikipiki ile ukishaizima haiwaki tena mpaka uipige mateke ya kutosha, na mguu wa kuipigia mateke ndio ule ule mbovu. Niliingia Makunduchi jua linazama, tumbo limejaa muhogo, sauti imenikauka, na wanafunzi wangu washakwenda kwao zamani. Mwalimu mkuu aliyonambia siyaandiki hapa.

Kwa hiyo hali yangu ilikuwa hivi: nikisalimia nnakufa, nisiposalimia sioi. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu, kisha nikaona sicheki tena. Nilikuwa nnamtaka yule binti kweli, kujionesha kulikwisha siku nyingi, na nnaona ananipotea hivi hivi.

Alasiri moja mzee mwenyewe akatokea pale ninapolala. Tangu ajali sikuwa nimeonana naye uso kwa uso; gari lake likija nnatoka barabarani, nnainamisha kichwa kwa haya mpaka lipite. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia nimesimama, miguu yote miwili chini, akaitikia. Nikamkaribisha, hakukaa. Akaitazama pikipiki.

"Nnakwenda Mjini," akasema. "Nipakie."

"Baba, na gari lako?"

"Liache gari. Nipakie."

Nikampakia. Kanzu ameikunja mapajani, mikono yake miwili ameiweka mabegani mwangu. Nikajua huu ndio mtihani wangu, na msahihishaji amekaa mgongoni.

Kibaraza cha kwanza kilitukuta hata hatujatoka kijijini. Wazee wakainua mikono, "Asalaam aleikum!" Nikiinua mkono, huyu nyuma ataona sijajifunza kitu. Nisipouinua, nimewavunjia heshima watu wake mbele ya macho yake. Nikaganda, macho mbele. Mara nikasikia sauti nyuma ya sikio langu, nzito na imetulia:

"Waaleikum salaam! Hatujambo! Mwalimu naye anakusalimuni, mikono yake ina kazi!"

Njia nzima ikawa hivyo. Mimi nnaendesha, yeye anaitikia. Aliuliza habari za wagonjwa, akatoa pole kwa waliofiwa, akaagiza samaki wa kesho, yote hayo tunakwenda, na hakuna mzee hata mmoja aliyenung'unika. Miezi chungu nzima nilikuwa nimevunja kichwa changu kwa jambo ambalo lilitaka mtu mmoja tu wa kukaa nyuma. Mwalimu mzima!

Tulipokaribia Mwanakwerekwe, siku hizo kungali mashamba, lori likatujia. Nikatafuta kichwa cha dereva: hakipo. Ameinama anaokota kitu miguuni pake. Sikungoja. Nikapunguza, nikatoka barabarani taratibu, nikasimama kwenye majani. Lori likapita upande wetu huo huo wa barabara, na vumbi lake likatujaa usoni. Yule dereva hakutuona, na mpaka anakufa hakujua.

Mzee alikuwa amenikamata mabega kwa vidole kama koleo. Nikadhani ni hasira. Nikazima injini, nikajiweka tayari kuambiwa kwamba posa yangu imerudi.

Akateremka, akakaa chini kwenye majani.

"Siku ile nilipokufikia pale chini," akasema, "nilijua nshaua mtoto wa watu. Tangu hapo nikishika usukani nnakuona wewe mbele yangu. Gari nimemwachia mwanangu wa kiume. Hospitali nilishindwa kuja. Nilikuwa sina uso."

"Baba, kosa langu. Mimi ndiye niliyekuamkia."

"Kuamkia watu si kosa!" akasema kwa ukali. "Dereva ni mimi. Macho yalikuwa yangu." "Mshenga wako alikuwa akija, na mimi nnawaza, nikimpa huyu, kila Idi atakuja kwangu anachechemea, na mimi nikae nimtazame. Binti yangu akaniuliza, baba, mwenzangu ana kosa gani? Ndipo leo nikaja kukwambia unipakie."

Muda wote ule nilikuwa nnangoja radhi ya mtu ambaye naye alikuwa akiingojea yangu.

"Umenisamehe?" akaniuliza.

Nilipiga magoti pale pale, mguu unaniuma, nikaushika mkono wake nikaubusu. Nililia, na sioni haya kulisema hilo.

"Basi," akasema. "Mguu wako ushapona. Niliyekuwa sijapona ni mimi. Mwambie mama yako alete watu."

Akatoa kitambaa mfukoni, akanifuta uso, machozi na vumbi pamoja, kama anavyofutwa mtoto mdogo. Tukakaa kwenye majani mpaka injini ikapoa, ndipo tukapanda tukaendelea na safari.