Namba Pweke

Siku tuliyomzika mdogo wangu, kijana mmoja mwenye tai alisoma wasifu wake kama mtu anayesoma bei za bidhaa. Alizaliwa, alisoma, alifundisha hisabati, hakujaliwa mtoto, amefariki. Akakunja karatasi, akatazama saa. Mimi ni fundi viatu na shule niliiachia darasa la nne, lakini najua maisha ya mtu hayamalizwi kwa pumzi moja. Ndiyo maana naandika haya mwenyewe.

Shuleni kwao walimwita Mama Pembe. Wanawake wengine wa mtaa wetu waliitwa kwa majina ya watoto wao; yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi wanafunzi wakampa pembe. Alikuwa akiingia darasani na kipimapembe cha mbao, kikubwa kama beseni, na akimkuta mtu amejimwaga kwenye dawati humwambia akae pembe mraba, pembe butu ni za wagonjwa. Jina likashika mpaka sokoni. Wauza nyanya walimwita hivyo bila kujua pembe yenyewe ni ya ng'ombe au ya daftari.

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikuwa karani wa bohari, mtu mpole, bendera fuata upepo. Miaka ilipita bila mtoto, na upepo wa nyumba ile ukaanza kuvuma kutoka kwa mama mkwe. Jumapili moja wifi yake alisimama mlangoni, majirani wakianika nguo, akamwita tasa kwa sauti ya mnadani. Mume alikuwa ndani. Alisikia, akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake mdogo wangu akaja kwangu na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Nilimpa chumba cha nyuma nilichokuwa nikiweka ngozi na soli. Tulikisugua mara ngapi sijui, lakini harufu ya gundi haikutoka, naye hakuitaja hata siku moja.

Vitabu vile ndivyo vilivyonisomesha. Jioni yeye alisahihisha madaftari upande mmoja wa meza, mimi nikishona upande wa pili, na kazi ikipungua aliniuliza maswali. Nilikuwa nikichanganya kigawo na kigawe, akanicheka mpaka machozi. Akasema, kaka, kigawo kinaingia ndani ya namba, kigawe kinatoka nje yake. Wewe fundi mzima hujui mguu na kiatu? Sikusahau tena. Nikajua shufwa na witiri, nikajua kwamba kwenye sehemu, kiasi hukaa juu na asili hukaa chini, na nikaona ni sawa, maana hata mtu asili yake ndiyo inayombeba. Leo ukimuuliza kijana asili ya robo tatu ni ngapi, anatoa simu mfukoni. Maneno yaliyokuwa na nyama yametupwa kama soli kuukuu, na hakuna aliyeona hasara.

Neno moja tu kati ya hayo lilimshinda.

Vitabu vinasema namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe ni namba tasa. Sijui ni akina nani waliokaa kikao wakalichagua neno hilo. Mwaka wa kwanza tangu atoke kwa mumewe, aliliandika ubaoni, akageuka, na kutoka nyuma ya darasa mtu mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe na namba nazo huachwa." Darasa zima likacheka. Mji mdogo hauna siri. Yeye alimaliza kipindi, akaja nyumbani, na siku ile madaftari hayakufunguliwa.

Mwaka uliofuata aliandika ubaoni "namba pweke". Hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Wanafunzi wale walikuwa wamelijua neno la kitabu tangu shule ya msingi, lakini wakalipokea la kwake. Waliotangulia waliwaambia wadogo zao kwamba kwa Mama Pembe husemwa pweke, wadogo nao wakawaambia waliowafuata. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi. Mtu kipofu hukumwita kipofu mbele yake. Mwanamke asiyezaa ulisema bado hajabahatika, hata akiwa na mvi. Hatukuuita uongo, tuliuita ustaarabu. Nilidhani umekwisha duniani, kumbe ulikuwa umejificha kwenye darasa la kidato cha pili.

Ndipo ukaja mtihani wa kidato cha pili wa shule zote, miaka ile ukiandikwa kwa Kiswahili. Swali moja liliuliza namba za aina ile huitwaje. Karatasi zilisahihishwa mbali na watu wasiotujua, nao wakakuta darasa zima la Mama Pembe limeandika jibu moja lisilo kwenye kitabu chochote: namba pweke. Wengine wakikosea, kila mmoja hukosea kivyake. Hawa walikosea kwa kauli moja. Ikasemwa wamenakiliana, au mwalimu amewapa majibu, na matokeo yao yote yakazuiwa. Ikithibitika, wanafutiwa mtihani, na kidato cha tatu wanakisikia kwa jirani.

Kiranja wao alikuwa binti mwembamba ambaye nilimtilia soli mara mbili. Alihojiwa ofisini kwa mkuu wa shule. Akasema hawakunakili. Akaulizwa kama hawakulijua jibu sahihi, akasema walilijua. Basi kwa nini hawakuliandika? Hapo akanyamaza. Walimtisha, wakambembeleza, wakamwambia anawaponza wenzake. Wengine nao waliitwa, mmoja mmoja, wakafika hapo hapo na kunyamaza hapo hapo. Watoto wale walikuwa tayari kuitwa wezi kuliko kulitamka lile neno na sababu yake. Mkuu wa shule akaandika kwamba kimya chao ni ushahidi.

Mdogo wangu alipopata habari hizo hakulia. Alichana nywele, akavaa gauni lake la kijivu, akaniomba nimsindikize ofisi ya elimu.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na karani wa kuandika pembeni. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye benchi la ukutani. Mwenyekiti alikuwa mwanamume wa makamo, si mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alimuuliza kama ni yeye aliyewafundisha jibu lile. Akasema ndiyo. Kwa hiyo mwalimu hakujua istilahi sahihi? Akasema anaijua.

"Sasa mwalimu, tueleweshe," alisema mwenyekiti. "Neno unalijua, wanafunzi wanalijua, na hakuna aliyeliandika. Hiyo pweke imetoka wapi?"

"Nimeitunga mimi."

"Kwa nini?"

Nilimwona akishika ukingo wa kiti. Nilitaka kusimama nimsemee, lakini kaka hana la kusema mahali kama pale. Neno langu lingehesabiwa uvumi wa jirani.

"Kwa sababu mimi ndiye tasa, mwenyekiti," alisema. "Nilifukuzwa na neno hilo. Sikuweza kulitamka mbele ya watoto, nao wakanisitiri. Hawakuiba kitu."

Karani aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti, akauliza kama aandike na hilo.

"Andika," alisema mdogo wangu. "Andika vizuri, watoto wapewe matokeo yao."

Walipewa. Alama ile moja walinyang'anywa, zilizobaki wakaachiwa. Lakini maelezo yale yalipigwa chapa, nakala ikaja shuleni, na wakati wa chai naibu wa mkuu akaisoma mbele ya chumba kizima cha walimu. Chini yake palikuwa na agizo: mwalimu atumie istilahi zilizoidhinishwa, na mkaguzi atakuja kuhakikisha.

Mkaguzi alikuja, akakaa nyuma na miguu yake mirefu. Yaliyotokea nilielezwa na yule kiranja, aliyekuja na viatu visivyo na ubovu wowote. Mama Pembe aliandika ubaoni namba tasa, akasoma, akangoja waitikie kama kawaida. Hakuna aliyeitikia. Akasoma tena. Walikuwa wametazama madawati. Mkaguzi akafungua kalamu yake. Ndipo Mama Pembe akaweka chaki chini na kuwaambia, "Wanangu, semeni. Msiandikwe tena kwa ajili yangu." Wakasema, kwa sauti ya watu walio msibani. Kiranja aliniambia kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kuwaita wanangu.

Jioni nilimuuliza kwa nini hakuwaacha wakatae. Alisema wangeitwa watovu wa nidhamu, na yeye alikwisha kuwaponza vya kutosha.

Alifundisha tena miaka kadhaa mpaka alipostaafu. Lile pweke lilikuwa limepigwa marufuku, kwa hiyo wakubwa hawakuwa tena na la kuwaambia wadogo zao, na madarasa yaliyofuata yaliingia bila kujua chochote. Kila mwaka sura ile ilipofika, alimwomba mwalimu mmoja kijana wa fizikia amshikie kipindi. Yeye alitoka, akasimama kwenye ujia na chaki mkononi. Ndani watoto waliitikia kwa nguvu zao zote, namba tasa, namba tasa, kama inavyotakiwa, naye akangoja nje mpaka kengele ilie.