Vidonge Vilivyoninonesha

Kabla mikono yangu haijaharibika, hapa Kitengela hakukuwa na mwanamke aliyenishinda kutunga shanga. Siringi, nasema kilichokuwa. Nilipoolewa kule Kajiado nilijenga nyumba ya udongo na samadi kwa mikono hii. Nimekamua ng'ombe wa mateke. Shule niliionja tu, lakini sindano ilinijua. Nawaandikia nyinyi, akina mama wa maombi, kwa sababu najua kuna mmoja wenu ameficha mkebe kabatini.

Ugonjwa ulinishika asubuhi. Niliamka vidole vimevimba kama ndizi, vina joto, havikunjiki. Chai nilishika kwa viganja viwili kama mtoto. Chooni, nawaambia ukweli, alinivua nguo Nasieku, mjukuu wangu niliyemlea.

Daktari alinipima damu, akaniita Shosho kama bibi yake. "Shosho, hii ni baridi yabisi. Mwili unajipiga wenyewe, ndiyo viungo vinavimba. Tembe hizi ni mara moja kwa wiki. Zinafanya kazi polepole. Usiache."

Polepole! Na Nasieku ameshachumbiwa, na nimeapa ushanga wake wa arusi nitautunga mimi. Tena tembe zenyewe zilinichafua tumbo.

Rafiki yangu wa chama cha akiba akaniletea mkebe wenye picha ya manjano na tangawizi. "Yeyo, mama, hivi ni virutubisho tu. Vinamaliza uvimbe wa mwili. Havina madawa."

Nikawaza: si sisi hunywa supu ya magome ya olkiloriti kwa ajili ya viungo tangu zamani? Hii ni supu iliyokaushwa. Tembe za daktari nikazitupa shimoni.

Jamani, siku chache tu, vidole vikalegea! Nikatunga nikiimba. Nikapokea kazi za watu, ushanga wa Nasieku nikauweka wa mwisho, kwani haraka ya nini na mikono imepona? Miezi ikapita, nikanona. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa. Na mnajua kwetu: mtu akikonda anaulizwa anaumwa nini, akinona Mungu anasifiwa. Kanisani mliniambia, "Koko, bibi yetu, umenawiri! Umerudi usichana!" Nami nikatembea kifua mbele.

Nasieku peke yake hakufurahi.

"Koko, mbona uso umekuwa duara na miguu imekonda? Na hizi alama nyeusi mikononi?"

"Wivu tu. Mwambie bwana yako alete ng'ombe mnono kama mimi."

"Sitanii, Koko. Twende hospitali."

"Nenda wewe. Mimi niko na kazi."

Ngozi ilikuwa karatasi, ndama akinigusa natoka damu. Kiu haiishi, mkojo hauishi. Nikasema ni joto.

Halafu mkebe wa mwisho uliisha na rafiki yangu hakuwa na mwingine. Haikupita muda nikaanguka uani. Nikatapika mpaka nyongo, macho giza, miguu maji. Vidole navyo vikavimba kuliko mwanzo, vikalala upande kama nyasi iliyokanyagwa. Nasieku alinipeleka hospitali na ule mkebe mtupu mkobani.

Daktari yule yule aliugeuza, akanitazama usoni. "Nani alikuambia umenona?"

"Wote."

"Huku si kunona, Shosho. Nashuku humu wameweka steroidi, dawa kali, na hawakuandika. Ndiyo ilituliza maumivu, ndiyo imepandisha sukari. Mwili ulikuwa umeizoea; ilipokatika ghafla, ukazimika."

"Na vidole?"

"Maumivu yalinyamaza, ugonjwa haukunyamaza. Ulikuwa unakula viungo huku wewe ukidhani umepona. Tutauzuia. Lakini vilivyopinda havitanyooka."

Nililia, mimi ambaye sikulia nikizaa.

Walinilaza. Ile dawa kali wakanirudishia kwa kipimo, wakaniachisha polepole, tembe za wiki nikazirudia, nikafundishwa mlo wa kushusha sukari. Leo uvimbe umeshuka, uso umerudi wangu wa zamani wenye mifupa. Nashika kikombe. Namshukuru Mungu, daktari, na yule msichana mbishi. Manjano natia kwenye mchuzi bado, na supu yangu nakunywa, daktari anajua. Lakini kidonge cha mkebe kikikuondolea maumivu ya miaka kwa siku chache, kiogope. Ila usikitupe tu kama nilivyotupa tembe zangu, mwili usije ukazimika. Kibebe na mkebe wake umwonyeshe daktari. Na mkiona mwenzenu amenona uso ghafla, msimpigie vigelegele. Muulizeni anameza nini.

Arusi haikungoja. Ushanga wa Nasieku ulibaki nusu, sindano haishikiki. Alivaa wa kununua Kiserian sokoni, kama mtu anayenunua sufuria.

"Koko, ni mzuri?"

"Ni mbaya. Rangi zimetupwa ovyo. Wewe ndiye mzuri."

Alicheka mpaka nikacheka. Nilimpaka mafuta kichwani kwa kiganja, kiganja hakidai kidole kunyooka. Kisha akatoka langoni, na kwa desturi yetu bibi arusi hageuki nyuma. Hakugeuka. Nashukuru hata kwa hilo, maana angegeuka angeniona nimeishika ile nusu ya ushanga.