Bango nililolibeba mbele

Tulitoka Cimpunda asubuhi, sisi wazazi, kwenda ofisi ya elimu kule Ibanda kudai watoto wenye ulemavu wapokelewe katika kila shule. Bango nililishika mimi, maana napenda kuonekana. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, na sikunawa rangi vidoleni makusudi.

Tuliimba, tukakaza mwendo, tukafika. Mkubwa wa ofisi alitoka, akatutazama miguu, yote mizima. Akauliza taratibu, "Na wenyewe benye biko na iyo shida, biko wapi?"

Tukageuka kumwonyesha wenzetu tuliotoka nao. Nyuma yetu palikuwa na pikipiki na wauza ndizi tu.

Tulingoja karibu saa nzima. Hatimaye alitokea maman mmoja anayetembea kwa magongo, jasho likimtiririka, akifuatwa na wazazi waliobeba watoto mgongoni, mmoja akisukuma kiti cha magurudumu. Maman hakunigombeza. Aliinua gongo, akalielekeza kwenye bango langu.

"Papa, muliandika nini apo? Siye tuliona mugongo yake tu."

Nikamsomea, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizotoa siku ile: "Tusiache mutoto nyuma."