Flywheel iliyokataa kutoka, na neno nililomficha Mutua mwaka mzima

Wakuu, salamu kutoka Machakos. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za magari kimya kimya, leo wacha nitoe yangu. Yalinipata mwenyewe mwishoni mwa miaka ya tisini, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Nilikuwa na garage ndogo nyuma ya soko. Tuliianza wawili, mimi na rafiki yangu Mutua. Halafu tukakosana.

Pickup ya mteja ilirudi ikivutwa, engine imekufa. Tulikuwa tumeibadilisha oil, na plug ya kumwaga oil ilianguka njiani, oil yote ikaisha. Nikamlaumu Mutua mbele ya watu wote: "Hukukaza!"

Alikusanya vifaa vyake akaenda, akapata kazi ya kutengeneza mashine kwa kiwanda kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River.

Wiki moja baadaye nikakumbuka vizuri. Ile plug niliishika mimi. Niliifunga kwa vidole, nikaitwa na mteja mwingine, sikurudi na spanner.

Nikanyamaza. Mwaka ukaisha.

Sasa siku moja akaja Mwalimu Kimeu, mstaafu kutoka Masinga, na gari ndogo ya Kiingereza ya kabla ya uhuru. Baba yake aliachiwa gari hiyo na mzungu aliyekuwa mwajiri wake. Oil ilikuwa inavuja mpaka clutch inateleza.

Jumapili hiyo yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Alitaka kumpeleka kanisani na gari ile ile iliyombeba akiwa bibi harusi.

Kuziba hiyo oil lazima utoe flywheel, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya engine ambalo clutch inakalia. Kwa hizi gari za zamani inabana kwenye ncha ya shafti iliyochongoka, kama kofia imekwama kichwani.

Nati ilitoka. Flywheel ikakataa.

Jumatatu nyundo. Jumanne moto wa gesi. Jumatano nikaingiza chuma niibandue, kikateleza, kikanipasua kiganja na kuvunja jino moja kati ya yale yanayozunguka ukingo wa flywheel.

Nikakaa juu ya tairi. Dawa niliijua: pula, kifaa cha kuvuta kitu kilichobana, ambayo Mutua alijitengenezea kwa magari ya aina hiyo. Alienda nayo.

Jioni hiyo Mwalimu akaja na mkewe. Mama akaangalia kitambaa kwa mkono wangu akasema, "Mwanangu, kama ni ngumu tuambie tu. Tutatembea."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Alhamisi, saa ya lunch, nilikuwa kwa gate ya kiwanda. Mutua akatoka na ovaroli yake.

"Naomba pula," nikasema. Kabla hajajibu nikaongeza, "Na ile plug, ni mimi sikukaza. Nimejua mwaka mzima."

Akafuta mikono polepole. "Nilijua. Nilikuona ukiitwa. Nikadhani ulirudi."

"Mbona hukusema?"

"Siku hiyo ungenisikia?"

Nikamweleza habari ya gari ya Mwalimu, akasema atakuja na pula kesho yake.

Ijumaa alikuja baada ya shift. Kwanza akarudisha nati mizunguko michache, flywheel isije ikaruka ikatuvunja miguu. Akafunga pula, akakaza, akagonga kichwa cha bolti mara moja tu. Nikashika spanner niongeze nguvu. Akanizuia.

"Wacha. Tukunywe chai."

Tulikuwa kikombe cha pili tuliposikia PAA! Imeachia yenyewe.

Jumamosi gari ikawaka, na lile jino moja lililovunjika halikuizuia. Jumapili mama alienda kanisani akiwa ameketi mbele.

Mutua nilimwomba arudi garage. Akakataa kwa upole. Kiwanda kilikuwa kinamfaa. Wakati anaondoka ndipo nikaelewa kitu: nilimwaibisha mbele ya watu, lakini msamaha nimeomba tukiwa wawili tu.

Jumatatu nikaenda kwa mwenye pickup, kisha kwa majirani waliokuwa wamesikia, mmoja mmoja. Nikawaambia ni mimi. Mwenye pickup hakuniletea gari tena. Sikumlaumu.

Wakuu, nyundo nilikuwa nayo siku tatu nzima, na shida haikuwa nguvu. Nilichojifunza ni kwamba kosa ulilomtwika mtu hadharani, ulitoe hadharani.

Kuna yeyote hapa amewahi kubebeshwa lawama akanyamaza kama Mutua? Nataka kujua ilikuwaje upande wenu. Na kama mnaona bado kuna mtu nimemruka katika kuomba msamaha, niambieni bila kuficha.